Madam wa Vyote Viwili

Tok. Ndivyo nukta yake ilivyolia, na mpaka leo naisikia vizuri kuliko sauti yake yenyewe. Ubao wetu ulikuwa kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi nyeusi, kimeegemezwa kwenye matofali kwa sababu ukuta ulikuwa haujapigwa lipu. Madam alipofika mwisho wa sentensi hakuweka nukta kama watu wengine. Aliigonga. Tok. Ubao uliruka kidogo, vumbi la chaki likashuka, na sisi wa mbele tukapiga chafya.

"Nukta hii inafanya nini?"

"Inamaliza, Madam!"

Anaandika tatu, anagonga nukta, anaandika tano.

"Na hii?"

Upepo wa Hanang ulitikisa mabati juu yetu.

"Hii haimalizi. Hii inafungua. Upande huu namba nzima, upande huu vipande. Nukta ni ile ile, chaki ni ile ile. Nani amemwambia afanye kazi mbili?"

Hakuna aliyejua nani amemwambia. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo njia nzima, nikapitiliza kisimani bila kuchota maji, mama akanirudisha na ndoo kavu. Nilikuwa kidato cha kwanza, shule yetu ya kata hapa Hirbadaw ilikuwa mpya, hata mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga. Barua nyingine za shule zilikuja zimeandikwa Arusha, mwalimu mkuu akakata kwa kalamu na kuandika Manyara. Walimu walikuwa wachache. Ndiyo maana Madam alipewa Kiingereza na hesabu, vyote viwili. Wengine wangelalamika. Yeye, nadhani, alikuwa amesubiri maisha yake yote apewe vyote viwili.

Alitoka Tukuyu, kwenye mvua na migomba, na hakuuzoea upepo wetu. Alivaa gauni la kitenge, chini yake gambuti, na viatu vyake vizuri vilikaa kwenye mfuko wa nailoni. Alivivaa akifika mlangoni mwa darasa, akavivua akitoka. Tulimwuliza kwa nini asivae tu gambuti mpaka ndani, kwani nani anamwona. "Ninyi si watu?" akasema.

Alikuwa na desturi ya neno la wiki. Jumatatu analiandika kona ya ubao, na wiki nzima tunalifukuzia kama mwewe na kifaranga. Wiki ya kwanza neno lilikuwa "term". Tulidhani tunalijua: ni muhula, tunafunga shule tunakwenda kulima. Kumbe kwenye hesabu kila kipande cha mlinganyo ni "term". Kumbe kwenye lugha kila jina la kitaalamu ni "term". Wiki nyingine ilikuwa "degree". Tuliipima kwenye pembe, tukaikuta kwenye joto la mgonjwa, tukaikuta kwenye sarufi, pale unaposema kirefu, kirefu zaidi, kirefu kuliko vyote. Mwisho kijana mmoja wa nyuma akasema, "Na ile ya chuo kikuu, Madam?" Akajibu, "Hiyo tutaifikia. Kwanza tumalize pembe."

"Msiogope neno," alikuwa akituambia. "Neno ni mgeni. Mkaribishe, mpe kiti, halafu kaa kimya uone atajieleza mwenyewe ana ndugu wangapi."

Mimi nilimpenda kwa hilo. Wenzangu wengi waliona anapoteza muda, na wazazi wengine walisema hivyo kwenye kikao, kwamba mtihani wa kidato cha pili hauulizi ndugu za neno. Labda ni kweli. Mtihani wenyewe sikuufanya vizuri sana, na kidato cha nne ndiyo kabisa, leo mimi ni fundi cherehani. Lakini mpaka sasa nikikata kitambaa nikaona neno la Kiingereza kwenye pindo, natulia kwanza, nampa kiti.

Hakuwa mtu wa kunyooka moja kwa moja. Alitaka tuandike kila hatua ya hesabu, asiruke mtu, ila yeye sokoni Katesh alilipa bei ya kwanza anayotajiwa. Wauza vitunguu walimgombania. Alituchapia meza tukiongea Kiswahili darasani, ila akikasirika alitugombeza kwa Kinyakyusa, tukaelewa kila kitu. Alipenda maziwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, hata mtindi uliochacha akaunywa amefumba macho, lakini ng'ombe aliwaogopa. Akikutana na kundi njiani anapanda kwenye tuta la shamba la mtu, anashika gauni, anawasalimia: "Piteni, piteni jamani." Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini.

Na alikuwa hawezi kuacha kosa likae. Hilo lazima niliseme kabla ya mengine. Padri akikosea hesabu ya waimbaji katika tangazo, Madam anasimama kanisani. Mwenyekiti wa kijiji akisema nusu ya watu na robo tatu yao wamekubali, Madam ananyoosha mkono. Hakufanya kwa kiburi. Ilikuwa kama anaona mbegu imekwama kwenye jino la mtu, mkono unakwenda wenyewe.

Sasa wiki ya neno "common".

Alianza na kile tulichotoka nacho shule ya msingi. "KDS ni nini?"

"Kigawe Kidogo cha Shirika!"

"Shirika lipi?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumeimba KDS miaka na hakuna aliyewahi kuuliza shirika lipi. Msichana mmoja mcha Mungu akajaribu: "La masista, Madam?"

Madam alicheka mpaka akaegemea ubao, ubao ukaanguka. Tulipousimamisha akatueleza. Mbili ina watoto wake: nne, sita, nane. Tatu ina watoto wake: sita, tisa. Sita anakaa kwa mbili na anakaa kwa tatu. Hawamgombanii. Huyo ndiye "common", wa pamoja. Halafu akaandika "cow", herufi ndogo. Hii nayo ni "common noun". Hapa maana yake imegeuka: ni jina la kawaida, si la mmoja mahususi. Ng'ombe yeyote. Mtu yeyote. Mlima wowote, ila ukisema Hanang, hapo umetaja mmoja, unampa herufi kubwa.

"Kwa hiyo," nikauliza, "kitu cha kawaida na kitu cha pamoja, kwa Mwingereza ni kitu kimoja?"

Akanitazama kwa furaha kiasi kwamba nilijisikia nimefaulu mitihani yote ya nchi. "Unaonaje wewe?"

Sikujua naonaje. Ndiyo ilikuwa raha yake.

Basi Alhamisi akatupa kazi. Kila mmoja alete mfano wa kitu nyumbani kwao ambacho ni "common", kinachokaa kwa watu wawili kama ile sita. Wakasema kisima. Wakasema njia ya mifugo. Mmoja akasema bibi, kwa sababu anakula kwa baba yake mdogo na kulala kwao. Ndipo akanyoosha mkono binamu yangu Veronika, aliyekuwa akiishi kwetu, msichana ambaye mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Ng'ombe wetu wa kijivu, Madam! Maziwa tunakunywa sisi, mwenyewe yuko Masieda."

Darasa likafa. Hata mabati, nakumbuka, yalinyamaza.

Niseme kwa wasiotoka kwetu. Hapa mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Mmoja anampeleka kwa rafiki huku, mwingine kwa shemeji kule, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize, na ili mtu asisimame mlangoni kwake akamhesabia mali. Anayemtunza anakunywa maziwa na anapata samadi ya shamba. Na anafunga mdomo. Ng'ombe wa nani yuko kwa nani ni neno la watu wawili. Watoto tunalijua kama tunavyojua kutokuingia chumba cha wazazi, hatufundishwi. Veronika alilijua pia. Ila Madam alikuwa amelipamba lile neno wiki nzima mpaka likang'aa, na Veronika alitaka kuwa wa kwanza kuligusa.

Madam alidhani tumenyamaza kwa sababu hatujaelewa. Basi akarudia kwa sauti. "Excellent! Sikilizeni! Ng'ombe wa kina Veronika, mwenyewe Masieda!" Akageuka akaandika sentensi nzima ubaoni. Tok.

Dirishani alikaa msichana wa kidato chetu aliyekuja kusoma kwa shangazi yake. Kwao ni Masieda. Nilimwona akiinama taratibu juu ya daftari, akijifanya anaandika.

Mama hakumchapa Veronika. Ingekuwa afadhali. Jioni alikaa kumkamua yule wa kijivu, kichwa chake kwenye ubavu wa ng'ombe, akasema bila kugeuka, "Umemtaja." Basi. Veronika alilia mpaka akalala na sare.

Nilijua kitakachofuata. Baba alishafariki. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye mgahawa wa njia panda, na hayo ndiyo yaliyokuwa sare yangu, sabuni yangu na mafuta ya taa; ya jioni yalikuwa ya wadogo zangu. Yule wa kijivu akiondoka, nami naondoka shule. Hesabu hiyo haikuhitaji Madam.

Nilimfuata ofisini nikamweleza. Nilitegemea atajitetea. Alikaa, akavua viatu vyake vizuri, akavitazama.

"Kwa hiyo nimeandika ubaoni jina la mwenye mali."

"Hukuandika jina, Madam. Uliandika Masieda."

"Inatosha, si ndiyo?"

"Inatosha."

Wiki iliyofuata wazee wawili walifika kwetu na fimbo zao, miguu imejaa vumbi. Mmoja alikuwa mwenye ng'ombe, mzee mwembamba mwenye koti refu. Mwingine mdogo wake, baba wa yule msichana wa dirishani. Mdogo mtu alikuwa anamwozesha kijana wake, alikuwa ameomba msaada wa mahari, na kaka yake alikuwa amemwapia kwamba zizi limebaki mbuzi tu. Sasa walisimama kwenye ua wetu wakimtazama yule wa kijivu, na yule wa kijivu akiwatazama, ndama wake pembeni.

Mama alisalimia, akaleta viti. Na nani anaingia langoni? Madam, na gambuti zake. Nilikuwa nimemwambia asije.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

Akavuta pumzi. Nikaona amejiandaa, amepanga hoja zake kwa namba, moja mpaka mwisho. "Wazee, mimi ndiye ambaye—"

Mama akamwekea ungo wa maharage mapajani. "Chagua maharage, mwalimu."

"Ila mama, nilitaka kueleza—"

"Yana mawe mengi. Chagua."

Akachagua. Jua lilitoka upande mmoja wa ua likafika upande mwingine, wazee wakaongea habari za mvua, za ngano, za barabara, za kijana mmoja aliyenunua simu wakati hana sehemu ya kuichaji. Madam alichagua maharage. Ng'ombe alipita nyuma yake akampumulia shingoni, yeye akafumba macho, akaendelea kuchagua. Sijawahi kumwona mtu akinyamaza kwa bidii namna ile.

Mwisho yule mzee wa koti akamwelekeza fimbo. "Huyu ni nani?"

"Ni mwalimu," mama akasema.

"Wa nini?"

"Wa Kiingereza na hesabu, mzee," Madam akajibu.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Ndiye aliyesema."

"Ndiye mimi, mzee. Naomba unisamehe. Sikujua."

Hakuongeza neno. Zile hoja zote alizopanga zilibaki tumboni. Mzee akamtazama sana.

"Kwenu ni wapi?"

"Tukuyu, mzee."

"Ng'ombe wenu wanakaa wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Wote?"

"Wote, mzee. Zizi moja."

"Na ugonjwa ukija?"

Madam akafikiri. "Wanakufa wote."

Mzee na mdogo wake wakatazamana kwa mshangao, kama watu wawili waliosikia habari za msiba wa mbali. "Poleni sana," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Poleni sana, mwalimu." Mdogo mtu naye akasema pole. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike kwetu kukubaliana jambo.

Lakini ng'ombe akaondoka. Alikuwa ametajwa, hakuwa na namna ya kubaki. Mdogo mtu alimfunga kamba, na mama akaenda akashika kichwa cha yule wa kijivu akamsemesha kwa Kiiraqw, maneno ambayo sitayaandika. Ndama akasogea amfuate mama yake. Ndipo mzee wa koti akaweka fimbo yake mbele ya ndama.

"Huyu miguu yake bado," akasema. "Masieda ni mbali. Akomae kwanza, atafuata."

Kila mtu alimtazama ndama. Alikuwa jike, mkubwa, pembe zimeshachungulia. Asubuhi ile ile alikuwa ameruka ukuta wa samadi na kula kabichi za jirani. Nikamtazama Madam. Nilijua anachokiona, kwa sababu nami nilikiona: kama ni mchanga hivyo, akibaki atanyonya nani? Na kama hanyonyi tena, kwa nini asitembee? Hesabu ilikuwa wazi pale uani, ina kosa kubwa kama nyumba, na wanaume wawili wazima wamesimama juu yake. Mdomo wa Madam ukafunguka.

Mdogo mtu akainama, akazipapasa zile kwato ngumu.

"Kweli," akasema polepole. "Miguu bado."

Madam akafunga mdomo. Akaokota jiwe moja kwenye maharage, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

Hakuna aliyekuja kumfuata yule ndama. Mwaka huo ulikuwa mgumu, ila kwa kuwa ndama alibaki mama hakunitoa shule; nilikwenda na sare yenye viraka nilivyojishonea mwenyewe, na nadhani ufundi wangu ulianzia hapo. Mgahawa wa njia panda ulimsubiri mama. Siku ndama alipokuwa ng'ombe na maziwa yakarudi, hatukusema lolote, tukaosha tu kibuyu.

Darasani Madam hakulitaja lile jambo. Neno la wiki liliendelea. Ila kuanzia hapo, kabla ya kutoa mfano wowote wa mambo ya kwetu, alitua, akanitafuta kwa macho katikati ya darasa. "Hili linasemeka?" Nikitikisa kichwa juu na chini, anaandika. Nikitikisa kushoto na kulia, anafuta kitu ambacho alikuwa hajakiandika. Sijui kama aliwahi kujua ni heshima gani alinipa, mimi mtoto wa wastani niliyekuwa wa katikati kwenye kila orodha.

Alihamishwa nilipokuwa kidato cha nne. Tulimsindikiza hadi basi, akavaa viatu vizuri siku hiyo, na upepo ukambebea kitambaa cha kichwa tukakimbizana nacho shambani.

Nilimwona tena mwaka jana tu, Katesh, kwenye duka la vitambaa ninakonunua uzi. Mwenye duka ni mama Mwislamu mwenye huruma, hunipa na vifungo vya nyongeza. Nilikuwa nachagua uzi nikasikia mtu nyuma yangu anakubali bei ya kwanza bila kubisha. Nikageuka. Amenenepa kidogo, ana miwani.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba…" Akanitazama, akavua miwani, akairudisha. "Wewe! Kitu cha kawaida na kitu cha pamoja!"

"Bado sijapata jibu, Madam."

"Mimi pia," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Kila mwaka nawauliza wanafunzi wapya. Kila mwaka wananiambia tofauti."

Tukakaa kwenye benchi la duka. Akaniuliza ya mama, nikamwambia mzima. Ya Veronika, nikamwambia ameolewa Masakta na bado mkono uko juu. Nikamwambia wale wazee wawili wa Masieda wametangulia mbele za haki, wote, wakiwa wamepatana. Ndiyo maana hata leo naweza kuandika haya bila kumchongea mtu. Akachezea kamba ya mfuko wake. Nikaona swali linampanda.

"Na yule ndama?"

"Ndama yupi, Madam?"

Akanitazama. Nikamtazama. Nilikuwa natamani kumweleza yote, ana watoto wangapi na wajukuu, na rangi zao, na yupi ana tabia ya kula kabichi. Lakini ulimi ulikaa mahali pake wenyewe.

Akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya masista, mpaka mwenye duka akaja kuona nini kimetokea.

"Haya," akasema akijifuta macho. "Haya. Sijauliza."

Basi lake lilipoondoka nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, uzi wangu kwapani. Kuna mama mmoja, jirani si jirani, ana watoto wadogo na shamba lililochoka. Nilikuwa nimeshaongea naye anitunzie ng'ombe, yeye na mimi tu, na nilikuwa nikiahirisha. Mama yangu alishanipa mtamba mmoja wa kijivu, wangu kabisa.

Kesho yake asubuhi nilimfungua, nikamswaga kwa njia ya nyuma ya mashamba ya mbaazi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipalilia akainua jembe, akaniita.

"Binti, unampeleka wapi huyo?"

"Kunywa maji, baba."

Tulipofika kijitoni nilisimama, nikamsubiri mpaka akanywa.